Kuhamisha maandishi ya Kihindi kutoka Kruti Dev kwenda Unicode

Kwa miaka mingi nchini India, Kihindi kilichapwa kwenye kompyuta kwa fonti kama Kruti Dev, ambazo kwa kweli hazihifadhi Kihindi: ndani ya faili mna hasa herufi na alama za kibodi ya Kiingereza, na fonti ndiyo inayozichora kwa sura ya Devanagari, yaani mwandiko wa Kihindi. Neno हिन्दी (Hindi) humo ni fgUnh. Fonti ikikosekana, msomaji huona vurugu, utafutaji haulipati neno, na programu ya kumsomea asiyeona haina la kusoma.

Unicode, mfumo wa kimataifa unaoipa kila herufi namba yake, iliipa Devanagari nafasi zake yenyewe, U+0900 hadi U+097F. Hata hivyo, kuhamisha maandishi ya zamani si kubadilishana herufi kwa herufi, na hapo ndipo programu nyingi za kubadilisha huharibu kazi. Kruti Dev hufuata mpangilio wa taipureta ya Remington, yaani alama hupigwa jinsi zinavyoonekana, ilhali Unicode huzipanga kwa kufuata matamshi. Irabu fupi ि (i) huchorwa kushoto mwa konsonanti ingawa hutamkwa baada yake. Kwa hiyo katika स्थिति (sthiti), inayoandikwa fLFkfr, ile f ya kwanza lazima ivuke konsonanti mbili zilizoungana, wala si moja. Kwa र (r) inayokaa juu ya herufi, safari ni ya kurudi nyuma: धर्म (dharma) huandikwa /keZ, na Z hiyo ya mwisho, ambayo ndiyo r, lazima itangulie म (m). Tena, / na k zikiwa pamoja ni ध (dh), lakini k peke yake ni irabu ा (aa), hivyo jozi zishughulikiwe kabla ya herufi mojamoja.

Linalonisumbua zaidi ni hati zenye lugha mbili. Neno Delhi lililoandikwa kwa Kiingereza likipitishwa kwenye jedwali hilohilo la kubadilisha herufi hutoka क्मसीप, na hakuna kosa litakaloonyeshwa. Kinga pekee ya uhakika ni kusoma jina la fonti ya kila kipande ndani ya hati yenyewe, kwa kuwa hata fonti ya Chanakya, iliyotumika sana magazetini, ina jedwali lake tofauti. Faili la maandishi matupu halibebi jina hilo, kwa hiyo mimi huomba hati asilia kwanza, na huitunza bila kuigusa hata baada ya kazi kukamilika.