Bahasha ya jenereta

Hii ilikuwa 2015, mimi koplo, nina kama miaka sita kwenye upelelezi na najiona kazi nishaimaliza. Tukaitwa kozi ya wiki mbili, mkufunzi wakili wa serikali mstaafu, mzee mpole anaingia darasani na makubazi, akianza vifungu vya sheria nusu yetu tunasinzia. Siku ya tatu akasema leo vitendo. Kesi ya kutunga, jenereta imeibwa dukani, mtuhumiwa ni mwenzetu mmoja wa trafiki, kapewa bahasha yenye ukweli wote, sisi hatuijui. Mimi ndo nikatangulia.

Nikaanza vizuri tu, jina langu, cheo, kosa lako hili, hulazimiki kusema lolote, unaweza kumwita ndugu au wakili, na muda nikauandika maana yale masaa 4 ya kumhoji mtu, ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, yanahesabiwa toka mtu anapokamatwa sio toka mnapokaa mezani (hapo tulikuwa tunapigwa bao sana na mawakili). Baada ya hapo nikarudi kwenye zangu. Sikumgusa wala kumtukana. Mwenzako keshasema, ulipitia dirisha la nyuma si ndio? Mkaipakia kwenye bajaji si ndio? Anakataa, narudia, anakataa, narudia, we kubali mapema itakusaidia bana. Dakika 25 jamaa kasaini maelezo ya onyo (yale mtuhumiwa anayotoa polisi baada ya kuonywa kwamba halazimiki kusema), kakubali kosa, nikageukia darasa kama nimefunga goli.

Mzee akasema haya, soma bahasha. Imeandikwa: hukuiba, usiku ule ulikuwa msibani.

Aisee. Mzee akachukua karatasi yangu na kalamu nyekundu, dirisha nani kalitaja kwanza? Bajaji je? Vyote vimetoka mdomoni kwangu, na ile "itakusaidia" ni ahadi, kwa Sheria ya Ushahidi inaweza kuyatupa maelezo yote nje. Halafu akauliza taratibu, ulimuuliza alikuwa wapi usiku ule? Sikuuliza.

Kuchekwa nilizoea. Ila wakati wa chai nikamfuata yule trafiki, we ulikubali vipi na ulikuwa unajua ni mchezo, na bahasha unayo mfukoni? Akaniambia huku anatafuna chapati, afande nilichoka maswali yako, na njaa ilikuwa inaniuma, nikaona nikikubali tutatoka mapema.