Mkono wa Mtakatifu Anna: wiki ya tatu

Jumamosi. Gundi imekauka. Mchoro ninaounakili ni ule mkubwa wa Leonardo da Vinci ulioko National Gallery, London: Bikira Maria amempakata Yesu, ubavuni Mtakatifu Anna na Yohana Mbatizaji mdogo. Ni wa kati ya mwaka 1499 na 1508 hivi, kwa mkaa na chaki nyeupe, pengine na wino mwepesi pia. Aliunganisha karatasi nane kupata sentimita 141.5 kwa 104.6. Mimi nimeunga nane za A4 kwa uji wa unga wa ngano, nikakata kingo hadi nusu ya kipimo chake. Kabla ya hapo nilizipaka chai ya rangi, bila sukari (sisimizi hawana adabu), ili weupe wa chaki upate pa kuonekana.

Jumatatu. Nimeharibu. Nilipitisha wino uliozimuliwa juu ya mkaa, mkaa ukaelea, uso wa Maria ukawa kama sufuria ya kuni. Nikafuta kwa kiini cha mkate, walivyofanya mafundi wa zamani. Wao hawakuwa na mkate wa slesi. Wangu umeacha doa la mafuta shavuni. Nimeng'oa kipande hicho nikabandika kingine. Utaratibu mpya: wino kwanza, ulale usiku kucha, kisha mkaa, chaki mwisho. Chaki ya ubaoni nimeitupa, inakwaruza.

Alhamisi. Siku nzima kwenye nyuso mbili. Natafuta mstari wa kidevu cha Maria, haupo! Kuna giza linalopungua tu. Nimeweka penseli kando, nafanya kwa ncha ya kidole na kitambaa.

Jumapili. Mkono wa Anna unaoelekeza kidole juu Leonardo aliuacha mtupu, mstari wa nje peke yake. Miguu pia hakuimaliza. Mistari ya mchoro haina matundu ya sindano ya kuuhamishia kwenye ubao, basi ulibaki hivyo. Nilishawishika kuutia mkono huo kivuli. Kidole na nusu ya kiganja tu, jicho likaacha nyuso zote likakimbilia pale. Nimefuta, safari hii kwa raba.

Mama amepita mezani na kikombe chake: "Huo mkono utaumaliza lini?" Nimemwambia umeshaisha. Hajaamini.