Siku Moja Moshi: Miwani Sita na Mioyo Miwili ya Mbuzi

Saa 12:30 asubuhi. Napitia bucha la jirani na soko la Mbuyuni kununua mioyo ya kufundishia kipindi cha leo. Mioyo miwili ya mbuzi, isipasuliwe, na mishipa mikubwa ya juu ibaki walau upana wa vidole viwili. Aota, mshipa mkuu unaotoa damu moyoni, ikikatwa hadi shinani, hutaweza kuonyesha damu inatokea wapi.

Saa 1:30. Miwani za uhalisia pepe, yaani zinazomfanya mvaaji aone kama yuko ndani ya picha, aina ya Quest 2, zimekesha kwenye chaji. Betri ikijaa hukaa muda wa saa mbili hadi tatu tu. Pazia hufungwa kabla ya boksi kufunguliwa: jua likipenya kwenye lenzi hukusanyika kama kwenye kioo cha kukuzia na kuunguza skrini, na doa hilo halitoki. Taa ziwake, kwa sababu kamera za miwani hutambua zilipo kwa kukitazama chumba. Ukuta mweupe mtupu huzipoteza, bandika michoro.

Saa 3. Wanafunzi 12, mada vali za moyo, yaani milango inayozuia damu kurudi nyuma. Sita wanavaa wakiwa wamekaa, sita wako mezani na visu. Picha ikiwa na ukungu wengi hukimbilia kufuta lenzi, kumbe tatizo ni nafasi kati ya lenzi mbili, ambayo hurekebishwa ilingane na macho ya mvaaji: milimita 58, 63 au 68. Mwenye misuko apitishe mkanda chini ya kisogo.

Ndani ya miwani wamesimama kwenye ventrikali (chumba cha chini cha moyo) ya kulia, vali ya vipande vitatu ikifunguka na kufunga juu yao. Moyo uliokufa hauwezi kuwaonyesha hilo. Ila miwani haina nyama. Mezani, kidole kikiingia ventrikali ya kushoto, unene wa ukuta unajieleza; na ukizivuta kwa koleo zile nyuzi zinazoshikilia vali, unaelewa mara moja kwa nini vali haipinduki kuelekea atiria, chumba cha juu. Kila baada ya dakika 10 wanabadilishana. Glavu zivuliwe na mikono ioshwe kwa sabuni kwanza!

Saa 4:15. Kichefuchefu. Macho yanasema mwili unasafiri, sikio la ndani linasema umekaa. Kwenye miwani, zima mwendo wa kuteleza, tumia wa kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine. Anayeanza kutoka jasho avue papo hapo. Kumwambia avumilie ni kumharibia siku nzima.

Saa 6 mchana. Karatasi tupu: kila mtu achore njia ya damu.

Saa 10. Lenzi hufutwa kwa kitambaa kikavu laini, kwani spiriti hula utando wake. Kisha miwani zinaunganishwa na intaneti, masasisho yamalizike usiku huu yasije kukatiza kipindi cha kesho.