Siku moja maishani mwangu: naosha magari Upanga, bila bomba wala mpira

Ninaosha magari kwenye maegesho ya nyuma ya jengo moja la ofisi, Upanga, Dar es Salaam. Pale sina bomba la kufungua wala mpira wa kuvuta. Maji yangu huja kwa guta, ndani ya madumu ya lita 20, na kila dumu nalilipia. Wengi wakisikia hivyo hudhani gari ninaloliosha litatoka limepakwa maji tu. Nimeandika siku yangu ya leo hasa kwa wale waliopanga nyumba zisizo na bomba uani, na gari lao wanalipenda. Kazi hii inawezekana, na matokeo yake yanapendeza.

Saa 11 alfajiri

Naamka Manzese. Kabla ya kitu kingine naenda kwenye kamba kukagua vitambaa nilivyofua jana usiku. Vimegawanyika mafungu matatu: vya bodi, vya vioo na ndani, na vya rimu na chini ya milango. Havichanganywi. Vya bodi ni mikrofaiba. Vingine ni taulo na fulana za pamba nilizochagua kwenye mitumba ya Karume, nikaondoa vifungo, zipu na mishono yote migumu.

Kitambaa cha bodi kikianguka chini, hata kama nimekiokota papo hapo, siku hiyo hiyo kinahamia kwenye fungu la rimu. Mchanga ni mgumu kuliko ile laka inayofunika rangi ya gari. Chembe moja ikijificha kwenye nyuzi, kila unapopitisha mkono unachora. Tazama gari jeusi linalofutwa kavu kila asubuhi, likisimama juani utaona mikwaruzo ya mviringo imejaa kwenye boneti. Ile si kazi ya barabara, ni kazi ya kitambaa. Kwangu mimi usafi wa kitambaa unatangulia wingi wa maji, na hili sichoki kulisema.

Saa 12 asubuhi

Napanda mwendokasi, nashuka Fire, namalizia kwa miguu. Vifaa vyangu hulala kwenye kibanda cha walinzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kunguru wamekuachia kazi huko."

Kweli wameacha. Kuna mwarobaini mkubwa kwenye kona, na wenye magari hukimbilia kivuli chake bila kutazama juu.

Saa 12 na nusu

Kijana wa guta anaingia na madumu. Huyu tumezoeana, anajua nitafanya nini.

"Kaka, ya leo ni ya DAWASA, onja mwenyewe."

Anamaanisha maji ya bomba ya mamlaka ya maji ya jiji. Namimina kidogo kwenye kifuniko, naonja. Ni maji baridi kweli, hayana chumvi. Naonja kila siku kwa sababu visima vingi vya jiji hili vina maji ya chumvi, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Maji ya chumvi yana hasara mbili kwenye gari. Kwanza, shampuu haitoi povu la maana, na povu ndilo linalofanya kitambaa kiteleze. Pili, yakikauka yanaacha madoa meupe, ambayo kwenye kioo cha mbele ukiyaachia jua siku kadhaa yanashika kiasi cha kukataa kutoka kwa maji matupu. Hata kwenye tairi siyataki, maana chumvi na chuma havipatani. Kama una maji ya chumvi tu nyumbani, oshea hayo mati za mpira, kisha utafute dumu moja la maji baridi kwa ajili ya bodi.

Nanunua madumu manne. Shilingi 500 kila moja, limefikishwa.

Maji ya bomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa yanatoka Mto Ruvu, kwenye mitambo miwili: Ruvu Chini yenye uwezo wa lita milioni 270 kwa siku, na Ruvu Juu yenye uwezo wa lita milioni 196. Ni mengi mno kuyasikia, lakini mwishoni mwa 2022 mvua zilipochelewa na mto ukapungua, jiji zima liliingia kwenye mgao. Watu walikuwa wanatafuta maji ya kupikia. Katika hali ile, kumwaga madumu matatu kwenye gari moja nilikuona ni kukosa adabu mbele ya majirani. Kipindi kile ndipo nilipoipunguza kazi yangu hadi dumu moja kwa gari, na mvua ziliporudi sikuona sababu ya kuacha.

Saa 1 asubuhi

Gari la kwanza ni IST nyeusi ya dada mmoja anayefanya kazi ghorofani. Naanza nalo kwa kuwa jengo bado linatupa kivuli. Kaskazi ya Januari haina huruma. Ikifika saa tano, bati la gari linaunguza kiganja, na maji yanakauka kabla hujageuza kitambaa.

Naanza na kinyesi cha kunguru. Hakisuguliwi. Nalaza juu yake kipande cha kitambaa kilicholowa chapachapa, nakiacha dakika tano hivi huku nikifanya mengine, halafu nakiinua taratibu na uchafu wake. Kinyesi cha ndege kina tindikali, na jua likikipikia kwenye rangi kinaacha alama isiyofutika. Hata kama huna nafasi ya kuosha gari zima, hiki kitoe siku hiyo hiyo.

Kisha natumia pampu ya mgongoni ya kupulizia dawa za shambani, ile ya lita 16. Niliinunua mpya na haijawahi kuguswa na dawa. Natia lita kama saba, napuliza kuanzia paa kushuka, polepole, vumbi lilowe na kuanza kuteremka lenyewe kabla mkono wangu haujagusa kitu. Lita tatu zinatosha kwa IST nzima. Huna pampu? Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko matundu madogo kwa sindano iliyopashwa moto, uibinye. Inachosha vidole, ila inafanya kazi ile ile.

Zinafuata ndoo mbili. Moja ina lita tano za maji na shampuu ya gari, nyingine lita tano za maji matupu. Kitambaa kinatoka kwenye povu kwenda kwenye gari, kinarudi kwenye maji matupu kusuuzwa na kukamuliwa, ndipo kinachovywa tena kwenye povu. Ukitumia ndoo moja, baada ya mlango wa pili unalipaka gari mchanga wake wenyewe. Sabuni ya unga siitumii kwenye bodi. Ni kali, inaondoa nta inayolinda rangi, na gari linabaki limepauka.

Naosha kipande kwa kipande. Paa: povu, suuza kwa pampu, kausha. Halafu vioo, boneti, buti, sehemu ya juu ya milango. Mkono unakwenda mstari mnyoofu, hauzunguki. Sehemu ya chini ya milango na bampa zinangoja mwisho na zina kitambaa chao, kwa sababu ndiko kwenye mchanga na lami. Usipake gari zima povu halafu ndiyo uanze kusuuza, povu la kwanza litakuwa limeshakauka na kushika.

Kusuuza kumekula lita nne. Ndoo ya maji matupu, ambayo sasa imechafuka, inaosha tairi na rimu. Zile tatu zilizobaki kwenye dumu zinamalizia chini ya madigadi. Hesabu imekaa: lita 20, gari limekwisha. Mpira wa kawaida ukiachwa wazi hutoa lita 10 na zaidi kwa dakika, kwa hiyo dumu langu zima lingekwisha mtu akiwa bado anatafuta sponji.

Saa 4 asubuhi

Chai na chapati mbili. Maji yanayotuama kwenye ndoo ya rimu nayaacha yatulie, mchanga ushuke. Ya juu yataosha mati za mpira. Ule mchanga wa chini naukusanya kwenye taka, siumwagi kwenye mtaro, mitaro ya jiji ina mizigo ya kutosha.

Baada ya chai naosha gari la mzee mmoja anayevuka kutoka Kigamboni. Hapa sibani maji. Upepo wa bahari unaleta chumvi, na mchanga laini unajaa ndani ya madigadi na kwenye kingo za milango. Nampa dumu moja na nusu, na nusu yote ya ziada inakwenda chini. Juu gari linaweza kung'aa huku chini kutu inakula kimya. Wateja hawakagui huko, mimi nakagua.

Saa 6 mchana

Jua liko utosini, kivuli kimekwisha. Bodi siigusi. Nafanya kazi za ndani: brashi laini kwenye matundu ya hewa, kitambaa chenye unyevu kidogo kwenye dashibodi, vioo kwa gazeti la jana. Halafu wali maharage kwa mama ntilie na swala.

Saa 9 alasiri

Anakuja mteja mgeni, ana gari dogo la saluni la rangi ya fedha. Anaziangalia ndoo zangu.

"Kijana, mbona maji yenyewe machache hivi? Utanichubulia gari."

"Mzee, nipe nafasi nimalize mlango mmoja tu. Usiporidhika, unaondoka na hunidai wala sikudai."

Kivuli kimerudi upande wa pili, chini ya ukuta. Napuliza, naosha, nasuuza, nakausha mlango wa dereva. Namwomba apitishe leso yake mwenyewe nyeupe. Anaipitisha, anaigeuza, anaiangalia tena. Haijabeba kitu. Anainama kuutazama mlango kwa ubavu, akitafuta mikwaruzo. Anavua koti, anakaa kwenye benchi la walinzi, anasema, "Endelea." Shaka yake ilikuwa ya haki, kwa sababu ndoo moja na kitambaa kimoja vimeharibu rangi za watu wengi mjini.

Saa 11 jioni

Nafua vitambaa vya bodi peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa sababu dawa hiyo inavifanya viache kunyonya maji. Nasuuza pampu.

Wakati nafunga, inaingia Prado iliyotoka Rufiji. Tope limeganda mpaka kwenye vishikio vya milango. Mwenyewe ana haraka, anataka ioshwe asubuhi na mapema kabla ya kikao.

"Bosi, hili silioshi kwa dumu," namwambia. "Tope hili linataka maji ya presha. Nikiliondoa kwa mkono nitakuachia michirizi."

"Hata nikikuongeza pesa?"

"Hata ukiongeza. Pitia kwenye kituo chenye mashine usiku huu, wakuondolee tope tu, wasiguse kwa kitambaa. Ukifika hapa saa moja asubuhi nakumalizia bodi na ndani, na nakupunguzia bei."

Anafikiri, anapiga simu kuulizia kituo kilicho wazi. Nami nampigia kijana wa guta, namwambia kesho alete madumu matano badala ya manne.