Simfonia inapokwaruza, anza na pamba

Fidla ya gurudumu haina upinde. Chini ya nyuzi kuna gurudumu la mbao lililopakwa rozini, yaani utomvu wa msonobari uliokaushwa, na mkono wa kulia unapozungusha mpini, ukingo wa gurudumu unazisugua nyuzi zote kwa pamoja. Aliyemwona mpiga fidla wa taarab akivuta upinde afikirie upinde usio na mwisho, usiogeuka kurudi. Mkono wa kushoto haugusi uzi. Unabonyeza vibonyezo, na kila kibonyezo kina kilimi cha mti kinachougusa uzi kwa ubavu na kuufupisha.

Aina tunayoizungumzia hapa ni simfonia, fidla ya gurudumu yenye umbo la sanduku la mstatili, ya karne ya 13. Iliyoitangulia, organistramu, ilikuwa kubwa hata ikahitaji watu wawili, mmoja wa kuzungusha na mmoja wa vibonyezo. Wamechongwa wazi kabisa kwenye Pórtico da Gloria, lango la kanisa kuu la Santiago de Compostela huko Hispania, kazi ya fundi Mateo yenye maandishi ya mwaka 1188. Simfonia ya mtu mmoja imechorwa katika mswada wa Cantigas de Santa Maria, yaani nyimbo za Bikira Maria, uliotengenezwa enzi za Alfonso X, mfalme wa Kastilia huko Hispania (1252–1284). Kwa hiyo usihangaike kutafuta kile kidaraja kinachotetema na kutoa mlio wa “zzz” kama kwenye ala za Kifaransa za karne ya 18. Humu hakimo.

Nyuzi ni tatu, za utumbo wa kondoo, kama udi ulivyofungwa kabla ya nailoni kuingia. Mmoja ni wa wimbo, mingine miwili ni ya mvumo, inayolia noti ileile tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa ala yenye milimita 360 kutoka darajani hadi kizingiti cha upande wa vigingi, mpangilio usiosumbua ni huu: uzi wa wimbo G ya juu ya C ya kati, unene milimita 0.80, mvumo wa kwanza D iliyo chini ya G hiyo, 0.90, mvumo wa pili G ya oktava moja chini, 1.20. Uzi wa wimbo hapo unavuta kama kilo tano. Ukifunga mnene zaidi ukidhani utapata sauti kubwa, utapata uzi mgumu usiotii kilimi, na noti za juu zote zitapanda kuliko inavyotakiwa.

Badilisha uzi mmoja mmoja, hasa kama daraja halikugundishwa, maana ukilegeza yote kwa pamoja litahama. Funga fundo kwenye kishikio cha nyuma, pitisha uzi juu ya daraja, juu ya gurudumu, katikati ya vilimi, kisha kwenye kigingi. Acha urefu wa kutosha mizunguko minne au mitano, iliyolala ubavu kwa ubavu ikielekea ukuta wa sanduku. Kigingi kikiteleza, kipake chaki. Kikikwama, sabuni kavu. Mafuta hapana. Uzi mpya wa utumbo utashuka sauti kwa siku mbili tatu, usiufanyie haraka kuurekebisha.

Sasa pamba. Uzi wa utumbo ukigusa gurudumu mtupu unakwaruza kama msumari kwenye bati, kwa hiyo pale unapogusa, upana wa sentimita moja na nusu hivi, lazima uvikwe pamba. Pamba ya duka la dawa haifai sana, nyuzinyuzi zake ni fupi na zinageuka vumbi. Inayofaa ni yenye nyuzinyuzi ndefu, na hapo ya Misri ina sifa yake. Anayeishi Mwanza au Shinyanga anaweza kujaribu pamba nyuzi, ile iliyokwisha kutenganishwa na mbegu lakini haijasokotwa. Chukua kidogo mno, kisha uipunguze nusu. Ivute kwa vidole, usiikate kwa mkasi, mpaka iwe utando unaoweza kuona kidole kupitia kwake.

Mwelekeo wa kuvika si suala la mazoea. Mchezaji akiwa amepakata ala, sehemu ya juu ya gurudumu huenda mbele, mbali na tumbo lake. Kwa hiyo pamba ipite chini ya uzi ikienda mbele, ipande, irudi juu ya uzi kuelekea kwa mchezaji. Namna hiyo kila mzunguko wa gurudumu unaikaza. Ukiivika kinyume, gurudumu litaifungua, na baada ya dakika mbili utakuwa na ndevu zinazoning'inia. Njia rahisi ni kulaza ncha ya utando juu ya uzi, kuzungusha mpini polepole kwa mwelekeo wa kupigia, na kuliacha gurudumu lenyewe livute huku kidole kikielekeza kwa juu. Pamba ikiwa nyingi, sauti inakuwa ya blanketi na inachelewa kuitika. Ikiwa chache, inakuwa kali na kupiga mbinja. Uzi mnene wa mvumo unataka zaidi kidogo kuliko wa wimbo.

Rozini ni kosa la pili la wanaoanza: wanaipaka kama siagi. Gusa kipande cha rozini nyepesi, ya fidla, kwenye ukingo wa gurudumu linalozunguka, mizunguko mitatu au minne, basi. Ikizidi inayeyuka kwa joto la msuguano, inashikamana na pamba, na uzi unaanza kukatakata sauti. Kusafisha ni kwa kitambaa kikavu kwanza. Spiriti inaondoa rozini vizuri, lakini inaondoa pia vanishi ya shelaki, kwa hiyo uliza gurudumu limepakwa nini kabla hujaifungua chupa. Na usiliguse ukingo kwa vidole. Jasho na mafuta ya ngozi huacha doa ambalo utalisikia kila mzunguko.

Kama gurudumu ni safi na pamba ni sawa lakini bado kuna kasoro, angalia uzi unakandamiza kiasi gani. Ukikandamiza mno, sauti inanguruma na kukwaruza, mpini unakuwa mzito. Ukikandamiza kidogo mno, sauti ni nyembamba, inateleza na kupiga mbinja, hasa kwenye noti za juu. Dawa ya mkandamizo uliozidi ni karatasi ya kusokotea sigara. Kata kipande kidogo, weka ndani ya pengo la daraja chini ya uzi, nao utainuka kidogo sana kutoka kwenye gurudumu. Tabaka moja, sikiliza. Tabaka la pili, sikiliza tena. Ukifika matano, tatizo ni daraja lenyewe. Na kama sauti inavimba na kufifia mara moja kwa kila mzunguko, uhh-waa, uhh-waa, gurudumu haliko duara sawasawa. Karatasi haitalitibu hilo.

Vilimi vinakuja mwisho, kwa sababu kubadilisha pamba au mkandamizo kunabadilisha noti. Kila kilimi huzunguka kwenye tundu lake: ukikigeuzia upande wa gurudumu noti inapanda, ukikigeuzia upande wa vigingi inashuka. Kwa hesabu ya Pythagoras, ambayo ndiyo waliyoitumia wananadharia wa enzi zile, uzi wa milimita 360 unatoa A kwenye 320, B kwenye 284, C 270, D 240, E 213, F 202.5, na G ya oktava 180, ukipima kutoka darajani. Weka kila kilimi mbali kidogo zaidi ya hapo, kwa kuwa kubonyeza kunaukaza uzi na kuipandisha noti. Kisha izime programu ya simu ya kupimia sauti. Noti zipimwe dhidi ya mvumo: D na G lazima zitulie kabisa bila wimbi. B ya 284 itauma kidogo juu ya mvumo. Ukitaka itulie, isogeze hadi karibu 288. Mimi naiacha ilivyo. Nyimbo nyingi za enzi hizo hupita B zikienda C, hazikai hapo.

Wakati wa kupiga, inamisha sanduku ili vibonyezo vitazame chini, kwani havina springi: unavisukuma juu, uzito wao unavirudisha. Visipoanguka, unyevu umevimbisha mbao, jambo la kawaida karibu na bahari. Unga wa risasi ya penseli unasaidia. Sukuma kwa uthabiti. Kilimi kinachogusa nusu nusu hutoa mlio mchafu, na anayesukuma kwa nguvu zote hupandisha noti. Mkono wa kulia ujifunze peke yake kwanza, kwa nyuzi za mvumo tu, mzunguko mmoja kwa sekunde, mpaka usisikie mahali mpini unapopita juu au chini. Kurudia noti moja mara mbili, achia kibonyezo kwa kitambo kifupi mno. G ya uzi wazi itachomoza katikati na kuzitenganisha. Kusimamisha gurudumu ili kutenganisha noti kunaukata mvumo pia, kwa hiyo ihifadhi mbinu hiyo kwa mwisho wa beti.

Ukimaliza, inua nyuzi zote zikae kwenye vijiti vyake kando, zisiguse gurudumu. Zikilala juu yake usiku kucha, pamba inabonyea, na asubuhi utaanza upya kuvika.