Deni la Marehemu

Mama alikuwa na wiki tatu tu tangu afike Rochester, Marekani, kutoka Tanga, na kukaa ndani kulishamchosha. Jumanne ile, tarehe 8 Novemba 2016, nilipotoka zamu ya asubuhi nilimvalisha makoti mawili tukaenda makaburi ya Mount Hope.

"Anazikwa nani?" akauliza alipoiona foleni.

Hazikwi mtu, nikamwambia. Watu wametoka kupiga kura, na zile stika wanazopewa kituoni wanakuja kuzibandika kwenye jiwe la mwanamke aliyefariki 1906. Tukasogea hatua kwa hatua huku namsimulia. Susan B. Anthony alikuwa mwalimu, hakuolewa. Mwaka 1872 aliingia duka la kinyozi hapa hapa mjini, palipokuwa pakiandikishwa wapiga kura, akawabana maofisa kwa hoja za katiba mpaka wakamwandika. Tarehe 5 Novemba akapiga kura. Wiki mbili hazijatimia, akafuatwa nyumbani kwake kukamatwa. Kesi ikasikilizwa Canandaigua, Juni 1873. Hakuruhusiwa kujitolea ushahidi, na jaji akawaamuru wazee wa baraza watamke ana hatia, bila hata kuwaacha washauriane.

"Nchi gani hiyo?"

"Hii hii, mama."

Akanitazama kama ninayemtania. "Mimi nilipiga kura 1965. Nyumba na jembe. Nikatumbukiza karatasi yangu, nikarudi kupika. Hakuna aliyenifuata."

Hadithi ya nyumba na jembe, zile alama za wagombea, naijua tangu utotoni, ila mwaka wake sikuwahi kuutilia maanani. Agosti 1965 ndipo Marekani ilipopitisha sheria ya kuondoa hila zilizowazuia watu weusi wa Kusini kupiga kura. Kwa wanawake weusi wengi wa Alabama, haki ya mwanamke kupiga kura iliyoandikwa kwenye katiba 1920 ilikuwa imebaki karatasini miaka yote hiyo. Na sisi tulikua tukidhani demokrasia inashushwa bandarini pamoja na mitumba!

Kuna jambo sikumwambia pale kwenye foleni. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ilipofika zamu ya wanaume weusi kupewa kura huku wanawake wakiachwa nje, Anthony na rafiki yake Elizabeth Cady Stanton waliipinga hatua ile, na katika hasira zao yalisemwa maneno juu ya watu weusi ambayo mimi sijayameza hadi leo. Frederick Douglass, mtu mweusi aliyetoroka utumwa akawa mpigania haki, aligombana nao. Ndiye yule yule aliyesimama kwenye mkutano wa haki za wanawake pale Seneca Falls mwaka 1848 kumuunga mkono Stanton alipodai kura, wakati hata wanawake wenzake waliona amevuka mpaka. Naye kazikwa Mount Hope, na kwake siku ile hapakuwa na foleni kama hii.

Tulipofika, jiwe lenyewe ni dogo, la kawaida kabisa, limejaa stika. Mama mmoja wa Kizungu alikuwa na stika mbili, akampa mama yangu moja. Mama akamrudishia kwa mikono miwili. "Mwambie sikupiga kura hapa. Siwezi kusema uongo kaburini."

Kisha akauliza swali ambalo kwetu huulizwa kabla maiti hajatoka nyumbani: "Marehemu aliacha deni?"

"Alipigwa faini dola 100. Alimwambia jaji hatalipa, na hakulipa."

Mama akatikisa kichwa, akainama kuokota majani makavu pembeni ya jiwe. Tukaenda kwa Douglass, akaokota na huko.

Agosti 2020, akiwa amesharudi Tanga, nilimpigia simu kumweleza kuwa rais amemsamehe yule mwanamke wa stika.

"Kwa kosa gani?"

"La kupiga kura."

Akanyamaza kidogo. "Na zile mia, hazijalipwa?"

"Hazijalipwa."

"Vizuri," akasema, akaniuliza kama nimekula.