Paa la Benzi ya Upanga

Mwaka 2016, mabasi ya mwendokasi yalipoanza kukimbia Barabara ya Morogoro, pesa ilikuwa imeadimika Dar es Salaam. Kila uliyekutana naye alikuambia vyuma vimekaza, na magari ambayo zamani ungeyaona Masaki tu yakaanza kuangukia mikononi mwa madalali. Mimi nilikuwa na duka la dawa Sinza, watoto wameshaenda bweni, na hela ya kiwanja nilichouza Kigamboni imelala benki. Nikataka gari la wazi. Sababu nyingine sina.

Kaka yangu alisema nichukue Toyota Harrier, hata siku ya kuiuza haisumbui. Ni kweli. Dar mtu hununua gari huku akiwaza siku ya kuliuza, ndiyo maana kwenye foleni unaona Toyota zilezile.

Dalali akanipigia: Mercedes-Benz SLK 230 Kompressor ya mwaka 1998, rangi ya fedha, ilitoka Japani, namba za usajili za herufi B, iko Upanga. Wanataka milioni 14. "Ila dada nikwambie ukweli, paa halifunguki. Mota imekufa, na spea yake ni mpaka Dubai. Lingefunguka wangesema 18."

SLK ilipotoka mwaka 1996 iliwashangaza watu kwa hilo paa. Si turubai, ni bati gumu, na ukibonyeza swichi linajikunja lenyewe na kuingia kwenye buti kwa sekunde kama 25. Kwa mji wetu hilo si anasa tupu. Turubai huchomwa na jua, vumbi hukaa kwenye mishono, na masika ikipita viti vinabaki na harufu ya uvundo. Nikasema hata kama halifunguki nikalione, huenda fundi akapata dawa yake.

Fundi wangu wa Benzi alitoka Ilala na pikipiki yake. Mimi nilitoka Sinza na bajaji. Mwenye nyumba alikuwa mzee wa makamo ya baba yangu, ameketi barazani na kikombe cha kahawa. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu, gari hilo hapo, likagueni mpaka mchoke." Lilikuwa la mwanawe aliyehamia Muscat kikazi. Nilikuwa nimeshaomba lisiwashwe kabla hatujafika, maana injini yenye moto huficha mengi. Fundi akaweka kiganja kwenye boneti, akatikisa kichwa kuridhika.

Ukaguzi ulichukua muda. Upanga na bahari ni jirani, kwa hiyo alianza na kutu: chini ya milango, juu ya matairi, ukingo wa buti pale ilipo namba. Alipitisha sumaku iliyofungwa kitambaa kila mahali alipohisi pametiwa puti, maana sumaku haishiki kwenye puti. Mahali pamoja palikuwa pameanza kuvimba, kwingine kuzima. Alipoiwasha akanyamaza akisikiliza ile kompresa ya kusukuma hewa kwenye injini, inayoipa gari jina, kisha akazima na kuwasha tena. Kwenye fremu ya mlango kulikuwa na stika ya Kijapani ya kubadili oili. Maneno hatukuyaelewa ila tarakimu tulizisoma, zikakubaliana na dashibodi. Redio nayo iliishia FM 90, kama nyingi za Japani za wakati ule, hivyo stesheni nyingi za mjini zisingeshika. Rangi nyeusi ya ndani, pale kati kwenye gia, ilikuwa inabanduka kama ngozi iliyoungua jua. Hilo ni gonjwa la SLK nyingi za zamani, halikunitisha.

Lililonitisha lilikuwa karatasi. Kadi ya gari ilikuwa na jina la mtoto, na mzee alikuwa na hati ya uwakilishi, hiyo sawa. Lakini nilikuwa nimeangalia namba ya gari TRA, kwa watu wa kodi, kabla sijatoka nyumbani, nikakuta deni la leseni ya barabara la miaka mitatu. Gari limekaa chini ya mwembe, deni linatembea. Mwaka uliofuata serikali iliifuta ada ile na kuihamishia kwenye bei ya mafuta, lakini siku ile tulibishana sana kuhusu nani alipe, hadi mzee akakubali yeye.

Hapo ndipo fundi alipofungua buti kuangalia kama mafuta ya haidroliki yamevuja. Palikuwa pakavu. Akainama, akatoa kicheko kidogo cha puani. Ndani ya buti la SLK kuna pazia la kuvuta, linatenga mahali pa mizigo na mahali paa linapokuja kulala. Lisipovutwa na kupachikwa, gari linaamini kuna mizigo, na paa halisogei kamwe. Mtu alikuwa amelikunja, labda abebe begi kubwa, akasahau.

Nilimkonyeza. Naapa nilimkonyeza. Fundi alikuwa ameshalivuta, amelipachika, amewasha injini na kubonyeza swichi. Vioo vikashuka, mfuniko wa buti ukainuka kwa kurudi nyuma, paa likajikunja na kuzama. Mlinzi wa nyumba ya pili akapiga makofi. Dalali akaniangalia, nami nikamwangalia fundi.

Mzee aliweka kikombe chini. "Kumbe zima!"

"Mzee, tuliongea 14," nikasema.

"Mwanangu, 14 ilikuwa ya gari bovu."

Nikamwambia limeponeshwa na fundi wangu, kwa mikono yake, mbele yao. Akacheka, akampigia mwanawe, na sauti kutoka Muscat ikasema 18 kana kwamba ilikuwa inasubiri kuulizwa. Nikaaga kwa heshima, nikatembea hadi getini polepole kuliko mtu anayeondoka kweli. Dalali akanikimbilia. Tulipanda na kushuka hadi kahawa ya pili ikaletwa, tukaishia 15 na nusu, deni kwao.

Nje nilimuuliza fundi alikuwa anawaza nini. "Dada, kitu kizima kikiitwa kibovu mimi nashindwa kuvumilia." Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakumbuka kwamba mtu huyohuyo ndiye huniambia, "hii spea bado nzima, usitupe hela," wakati angeweza kuniuzia mpya. Milioni moja na nusu ni ghali kwa kujifunza tabia ya fundi, lakini sijawahi kuhamia gereji nyingine.

Tulimalizana kwa wakili, Posta. Mkataba, picha, TIN yangu ya mlipakodi, ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei, mambo ya kawaida. Dalali alikuja na hesabu yake mpya: kwa kuwa bei imepanda, na chake kimepanda. Nikamuuliza kama ni yeye aliyefungua pazia. "Dada, mimi ndiye niliyekuleta penye pazia." Nikamlipa. Akaniomba lifti hadi Kariakoo, akaniomba pia nifungue paa, na tangu Posta hadi tunafika Msimbazi alikuwa kwenye simu anawaambia watu watoke nje wamwone.